Chumba cha Nairobi Huchaguliwa kwa Kuangalia Asubuhi

Ngazi zilikuwa 48. Nilizihesabu kwa sababu Mama alikuwa anasimama kila baada ya ngazi tano au sita, mkono mmoja ukutani, mwingine begani kwangu, na katika kumsubiri sikuwa na jingine la kufanya. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro robo alfajiri. Basi letu la kutoka Kisumu lilikuwa limetushusha karibu na Accra Road, baridi ya Julai inauma, na kijana wa mapokezi akatuonyesha juu kwa kidole bila kuinuka: "Ghorofa ya tatu, mama, mkono wa kushoto." Lifti haikuwepo. Mama alikuwa amekuja Nairobi kuonana na daktari wa goti.

Lojing'i hiyo niliichagua mimi. Ilikuwa hatua chache kutoka pale basi linaposimama, na chumba kilikuwa shilingi 1,200. Nilipokuwa nyumbani Kondele nikipanga safari, sikuona haja ya kuuliza kitu kingine.

Ufunguo ulikuwa umefungwa kwa waya kwenye kipande cha mbao cha ukubwa wa kiganja. Chini yetu baa ilikuwa bado inapiga muziki, na besi ilipanda kupitia sakafu mpaka glasi ya maji niliyoiweka kwenye kimeza ikawa inatetemeka. Shawa ya umeme ilikuwepo, imepachikwa juu ya choo, lakini swichi yake ilikuwa imeng'olewa, zimebaki nyaya mbili zimefungwa karatasi ya nailoni. Mama hakulalamika. Alikaa ukingoni mwa kitanda na koti lake, kitambaa kichwani, bahasha ya picha za eksirei mapajani, akasema, "Tungoje tu kuche, mwanangu." Hakulaza kichwa hata kidogo.

Saa moja tukashuka ngazi zilezile, na kwa goti bovu kushuka ni kubaya kuliko kupanda. Kutoka pale hadi Upper Hill si mbali, ni kilomita tatu hivi, lakini matatu yetu ilikwama Haile Selassie Avenue tukakaa tukiyatazama magari yasiyosogea. Tulipofika, watu waliokuwa wamelala karibu walishatutangulia. Mama alionwa na daktari saa tisa alasiri. Jioni hakuweza tena kusimama kusubiri matatu, nikaita teksi, na kile nilichodhani nimeokoa kwenye chumba kikaishia hapo.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja kuhusu jambo hili, na ninausema kwa yeyote anayeniuliza. Sisi tunaotoka huku ziwani huchagua chumba cha Nairobi kwa kuangalia mwisho wa safari: basi linaishia wapi, nimebakiwa na ngapi mfukoni. Tunapaswa kuanza na asubuhi inayofuata. Unatakiwa kuwa wapi, saa ngapi, na miguu ya nani? Ukishayajibu hayo, mtaa wa kulala unajitaja wenyewe. Bei inakuja baadaye.

Nairobi si mji mmoja kwa mgeni. Ilianza 1899 kama kambi ya reli, na tangu hapo malazi yake yamekuwa yakimfuata msafiri. Hoteli ya Stanley ilifunguliwa 1902 na ya Norfolk 1904, enzi ambazo mgeni wa kulala hotelini alikuwa Mzungu aliyeshuka kwenye gari moshi. River Road na vichochoro vyake vikajaa lojing'i kwa sababu mabasi ya kutoka mashambani yanaishia huko. Mombasa Road kuna hoteli za watu wa ndege. Gigiri ni ya mabalozi na watu wa Umoja wa Mataifa. Westlands ni ya wafanyabiashara mchana na ya muziki usiku, hasa Ijumaa. Upper Hill kuna hospitali, mabenki na mahakama za Milimani, na ukitafuta utapata pia vyumba vya watu waliokuja kwa shida kama yetu. Kila mtaa una mgeni wake, na ukilala katika mtaa wa mgeni mwingine utailipia tofauti hiyo kwa nauli, kwa usingizi, au kwa kuchelewa.

Mfano ninaoutoa mara nyingi ni wa kijana mwenye mahojiano ya viza ya Marekani. Ubalozi ule uko Gigiri, United Nations Avenue, ulikohamia 2003 baada ya jengo la katikati ya jiji kulipuliwa Agosti 7, 1998. Miadi ikiwa ya asubuhi, kulala River Road maana yake ni kuvuka jiji zima pamoja na kila mtu anayekwenda kazini. Akilala Ruaka, au popote upande ule, atafika akiwa na nguvu za kujibu maswali. Aliyeitwa Nyayo House, kwenye ofisi za uhamiaji, naye alale katikati ya jiji, hapo ni sawa kabisa, atatembea kwa miguu. (Pasipoti lakini uliza kwanza hapa Kisumu, ofisi ya uhamiaji ya huku inazishughulikia, na safari nzima inaweza isiwe na haja.)

Halafu kuna saa ya kufika, na hapa ndipo tunapoumia zaidi bila kujua. Basi la usiku linatoka Kisumu saa tatu au saa nne, linapita Kericho na Nakuru watu wamelala vichwa vikigonga vioo, na linaingia Nairobi kabla ya kucha. Hoteli nyingi hukabidhi chumba kuanzia saa nane mchana na hutaka ukirudishe saa nne asubuhi. Kwa hiyo ukifika saa kumi na moja alfajiri, kwa hesabu zao bado uko katika usiku wa jana. Wengine watakutoza usiku mzima wa jana. Wengine watakuomba nusu. Wapo watakaokuwekea mizigo, wakupe kiti na chai, chumba kikipatikana mapema wakuite. Lakini jibu hilo huwezi kulijadili umesimama kwenye kaunta na mgonjwa pembeni. Ulizia ukiwa bado nyumbani.

Au fanya ninavyofanya sasa: panda basi la asubuhi. Ukitoka Kisumu saa mbili unaingia Nairobi jioni, unakula, unaoga, unalala. Umelipa usiku mmoja na umelala usiku mmoja. Najua wengi hupenda la usiku kwa sababu "haliibi siku". Siku unayoiokoa utaipoteza kesho yake, ukisinzia kwenye benchi huku jina lako likiitwa.

Kuna atakayeniuliza, kwani huna ndugu Nairobi? Ninao, Pipeline na Kayole, na wananipenda. Shemeji yangu ana chumba kimoja. Mgeni akifika, watoto wanashushwa sakafuni ili yeye apate kitanda, na mwenye nyumba anaamka saa kumi usiku kupika chai kabla ya kuwahi kazi. Kisha mgeni apande matatu mbili kufika mjini. Ukarimu huo hauna bei, na ndiyo maana sipendi kuutumia pale ninapoweza kulipia chumba. Nikimaliza shughuli ndipo ninakwenda kuwasalimia, na samaki wangu wa mbuta wa kukaanga aliyefungwa vizuri, tukae tuongee bila mtu kuangalia saa.

Kitu kingine kinachotupoteza ni neno lenyewe. Huku kwetu hoteli ni mahali pa kula. Ukimwambia mtu wa Kibuye, hapa Kisumu, "twende hoteli" anatarajia ugali na samaki wa ngege, au chai na mandazi. Mahali pa kulala ni lojing'i. Sasa mtu huyo akisikia "hoteli ya kulala" Nairobi, anachokiona kichwani ni majumba ya vioo, zulia jekundu na bei ya dola, naye anajiondoa kabla ya kuuliza. Kwa hiyo anabakiwa na lojing'i ya River Road tu, kana kwamba kati ya hivyo viwili hakuna kitu. Kipo, tena kingi. Kuna YMCA ya State House Road. Wamethodisti wana nyumba yao ya wageni Lavington, Waanglikana wana zao upande wa Upper Hill, na Wakatoliki pia hawakosi. Huulizwi dini yako. Nyingi haziuzi pombe, kwa hiyo hakuna baa chini ya kitanda chako. Kuna lango lenye askari, bustani ya kukaa, na chakula cha nyumbani. Si za bure, na hazina anasa, lakini kwa mtu aliyekuja na mzazi mgonjwa au mtoto wa kupeleka chuoni, mimi sijaona mahali panapofaa zaidi. Inaniuma kwamba watu wetu wengi hawazijui.

Picha za mtandaoni usizitegemee peke yake. Hilton ya katikati ya jiji, ule mnara wa duara uliofunguliwa 1969, ilifungwa mwishoni mwa 2022, na picha za vitanda vyake vilivyotandikwa vizuri bado utazikuta. Picha haikuambii chumba kinatazama barabara au ua. Nyota nazo, zile zinazotolewa kwa vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zinapima vifaa na huduma. Hazijui kwamba unahitaji chumba cha chini.

Piga simu. Zungumza na mtu. Sema wazi: ninakuja na mama mwenye shida ya goti, nina miadi saa mbili asubuhi Upper Hill, je, mna chumba cha chini kisichotazama barabara? Sikiliza anavyojibu. Anayekujali atakuuliza maswali yake pia. Muulize maji, kwa sababu Nairobi ina mgao, na sehemu kubwa ya maji yake hutoka mbali, bwawa la Ndakaini kule Murang'a. Nyumba isiyo na tangi la kutosha itakuletea ndoo. Muulize maji ya moto ni ya saa zote au ya asubuhi tu. Muulize blanketi la pili, maana Kisumu tuko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari na Nairobi iko karibu 1,800, na mwezi wa saba mwili wa mtu wa ziwani unaijua tofauti hiyo usiku kucha. Muulize kama bei aliyoitaja imeshajumuisha VAT ya 16% na ile tozo ya utalii ya 2%, na kama chai ya asubuhi imo. Akitaka malipo ya awali, lipa kwa namba ya biashara yenye jina la nyumba yenyewe. Ukitumiwa namba ya simu ya mtu binafsi, usitume hata shilingi.

Safari yetu ya pili ilikuwa Novemba. Nilipiga simu wiki mbili kabla, nyumba ya wageni moja ya kanisa, kutoka pale hadi kliniki ni dakika kumi kwa mwendo wa Mama. Bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile lojing'i. Tulipanda basi la asubuhi, tukafika jua bado lipo. Chumba kilikuwa cha chini, mlango unafungukia kwenye majani, na dada wa mapokezi alikuwa ameshaweka kiti cha plastiki bafuni bila kuombwa, kwa sababu nilimtajia goti kwenye simu. Mama alioga maji ya moto akakaa humo muda mrefu mpaka nikagonga mlango. Usiku nilimsikia akikoroma.

Asubuhi tulitembea polepole, yeye ameshika bahasha yake, tukakuta watu wanne tu mbele yetu. Saa nne na nusu alikuwa ameshamaliza.

Tuna kliniki nyingine mwezi wa tatu. Nimeshapiga simu, nimeomba chumba kilekile.