Umeambiwa "Huna Kitu", Koo Bado Linakaba

Kuna mgonjwa ambaye madaktari wa koo, pua na masikio humtambua kabla hajakaa kitini. Anakuja na bahasha ya kaki iliyojaa majibu: picha kamili ya damu, kipimo cha bakteria wa vidonda vya tumbo, eksirei ya shingo, ultrasaundi ya tezi, pengine na ripoti ya kamera iliyopitishwa kooni. Yote safi. Malalamiko yake ni yaleyale: "Dokta, kuna kitu kimenikaa hapa." Anaonyesha kwa kidole pale panapopanda na kushuka mtu akimeza. Ugali unapita, nyama inapita, maji yanapita. Akimaliza tu kula, kitu kinarudi mahali pake. Daktari anamulika, anapekua bahasha, anasema, "Huna kitu." Mgonjwa anatoka na furaha ambayo haifiki hata kituo cha daladala.

Bahasha hiyo nimeibeba mwenyewe, na nimewaona wengine wakiibeba, ndiyo maana nina la kusema. "Huna kitu" ni nusu ya jibu. Nusu ya pili, ile ya kumweleza mtu kwamba anachokihisi ni nini na kinatoka wapi, ndiyo inayoachwa, na kuachwa huko ndiko kunakomrudisha maabara, duka la dawa na kwa mganga. Mtu anayehisi kitu kooni hadanganyi. Anakihisi kweli. Ukimwambia hakuna kitu, anachoelewa ni kwamba bado hujakiona.

Hali hiyo ina jina kwa madaktari, wanaiita globasi, na ni ya zamani sana. Daktari mmoja wa Uingereza, John Purcell, aliieleza vizuri tu mwaka 1707. Kwa karne nyingi ilihesabiwa kuwa wazimu wa wanawake, mpaka mwaka 1968 daktari Malcomson alipotaka lebo hiyo iondolewe kwa sababu wagonjwa wengi hawakuwa hivyo. Kwa hiyo anayekuambia kwamba huu ni ugonjwa wa vijana wa siku hizi ulioletwa na simu, msamehe. Sababu zinazotajwa ni kadhaa, na mara nyingi zinakuja pamoja: misuli ya koo kukaza, tindikali ya tumbo kupanda, makamasi kushuka kwa nyuma ya pua, na msongo wa mawazo. Dalili yake kubwa ni hiyo niliyoitaja, kwamba kitu kinasikika zaidi ukimeza mate matupu na kinapotea ukila. Uvimbe wa kweli haufanyi hivyo. Uvimbe haupishi ugali ukakuzuia mate.

Hebu jaribu sasa hivi. Meza mate mara tano mfululizo, bila maji. Ya kwanza na ya pili ni rahisi, ya nne inagoma, ya tano koo linabana kabisa. Huna ugonjwa wowote, mate yameisha tu na koo halina cha kusukuma. Sasa mfikirie mtu anayejipima hivyo kutwa nzima, ofisini, kwenye foleni, kitandani, akitaka kujua kama kile kitu bado kipo. Kitakuwepo. Na kila akijikohoza ili kukitoa, anazidi kulikwaruza koo, linawasha, anajikohoza tena.

Mdomo nao una mambo yake. Kwa ndani kabisa, nyuma ya ulimi, kila binadamu ana vinundu vikubwa kati ya 8 na 12 vilivyojipanga kwa umbo la herufi V. Watu wengi huishi mpaka uzee bila kuviona. Wapo pia wenye vidoa vidogo vya njano ndani ya mashavu na midomoni, ambavyo ni tezi za mafuta tu, na wenye mfupa uliotokeza katikati ya kaakaa. Kuna ulimi unaotoa mabaka mekundu yanayohama, leo kushoto, wiki ijayo kulia, na hauna madhara yoyote zaidi ya kuwasha kidogo ukila pilipili. Vyote hivyo vilikuwepo. Kilicho kipya ni tochi ya simu. Ukishamulika mara moja ukaona usichokijua, kesho utamulika kuona kama kimeongezeka. Na shingo vivyo hivyo: tezi ndogo inayoteleza chini ya kidole, ukiiminya asubuhi, mchana na usiku, itauma tu, na maumivu hayo utayachukua kuwa ushahidi.

Tuseme na lile ambalo wengi hawamwambii hata daktari. Wanaoukagua ulimi kwenye kioo cha bafuni, sehemu kubwa wanaogopa Virusi vya Ukimwi. Ulikuwepo usiku mmoja, au mtu mmoja, na tangu hapo kila weupe ulimini ni hukumu. Hofu hii haikutoka hewani. Waliokua miaka ya tisini walimwona mjomba au shangazi akishindwa kula kwa utando mweupe wa fangasi, na redio zikawafundisha kuogopa dalili hiyo. Lakini ulimi wa mtu mzima kiafya huamka na weupe, hasa akilala mdomo wazi au akishinda na njaa. Fangasi wenyewe huja pia kwa mwenye kisukari, kwa anayevuta dawa ya pumu, na kwa aliyemaliza dozi ya antibayotiki juzi. Kioo hakiwezi kutofautisha haya. Kipimo kinaweza. Tanzania tangu sheria irekebishwe mwaka 2019 mtu anaruhusiwa kujipima mwenyewe, na kipo kipimo cha kupitisha kwenye ufizi tu bila kutoboa kidole. Kikionyesha maambukizi unakwenda kituoni kuhakikishiwa. Ukipima baada ya miezi 3 na hukujiweka tena hatarini, majibu hasi ni hasi. Ukijikuta unataka kurudia mara ya nne, ya tano, kinachokusumbua si kirusi tena, na hakuna maabara itakayokitibu.

Pengo la maelezo lina wafanyabiashara wake. Wa kwanza ni duka la dawa. Ukisema koo, unapewa antibayotiki bila swali la pili. Ukimaliza dozi na koo liko vilevile, unaongezewa kali zaidi. Ukirudi na utando mweupe, ambao safari hii ni fangasi wa kweli aliyeletwa na hizo dawa, unauziwa na dawa ya fangasi. Wa pili ni fundi wa kimeo. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa kila mtu anacho, na madaktari wamesema mpaka wamechoka kwamba hakisababishi kikohozi wala kukabwa. Bado watoto wanapelekwa kukatwa, na watu wazima wenye digrii zao wanakwenda kimyakimya. Hatari yake inajulikana: kuvuja damu, pepopunda, maambukizi ya kila aina, na watoto wamekufa. Ila nikiri kwamba namwelewa anayekwenda. Fundi ndiye mtu pekee aliyemtazama mdomoni akamwambia, "Nimekiona, ni hiki." Hospitali ilikuwa na ukweli mkononi ikashindwa kuueleza, fundi hana ukweli wowote na alieleza vizuri.

Sasa, kuna anayesoma hapa akitikisa kichwa. Ataniambia: wewe unatuliza watu wakati huku kwetu wagonjwa wa saratani wanafika hospitali wamechelewa. Ni kweli. Saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ina ukanda wake Afrika, unaoshuka kutoka Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania mpaka Afrika Kusini, na wengi wanaopokelewa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, wanafika hawawezi kumeza hata uji. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vinywaji vya moto vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kuisababisha, na sisi chai tunainywa ikitoa moshi. Hofu ya saratani ya koo huku kwetu si upuuzi.

Lakini angalia nani anaisikia. Tangazo la "wahi hospitali" linapotoka redioni, babu ambaye tangu mwezi uliopita nyama inamkwama kifuani na suruali zinamvuka anaendelea kunywa mwarobaini. Anayekimbia kesho yake ni kijana anayekula sahani mbili za ubwabwa na ameshapigwa kamera. Tangazo moja limemkosa anayehitaji na limemchoma asiyehitaji. Ningeliandika mimi, lingesema hivi: ukiona chakula kigumu kinakwama, ukalazimika kuhamia uji, nenda. Ukipungua uzito bila kutaka, ukimeza kwa maumivu, ukitema damu, nenda. Sauti ikikwaruza au kidonda cha mdomoni kikikataa kupona zaidi ya wiki 3, uvimbe mgumu shingoni usioteleza na unaokua, nenda, na uwahi zaidi kama unavuta sigara, unatumia ugoro au unakunywa pombe kali. Kuhisi kitu kooni huku unakula vizuri, nenda pia, safari moja tu, kwa daktari wa koo anayejua kazi yake, achunguze vizuri. Halafu basi.

Hilo "basi" ndilo gumu kuliko yote, na hapa hakuna dawa ya kumeza. Wengi hupewa dawa ya tindikali. Mwenye kiungulia huenda ikamsaidia. Lakini utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2021, wenye wagonjwa 346 wenye usumbufu wa koo usioisha, wakiwemo wa namna hii, uliwapa karibu nusu yao lansoprazole, dawa ya kupunguza tindikali, mara 2 kwa siku kwa wiki 16, na waliobaki vidonge visivyo na dawa. Dawa haikuvishinda vidonge vitupu. Kinachonifurahisha ni kwamba makundi yote mawili yalipata nafuu. Koo lilitulia lenyewe, kwa muda wake.

Kazi ya mgonjwa ni kuliacha litulie. Mate matupu usiyapime. Ukisikia hamu ya kujikohoza, kunywa funda la maji. Kioo na tochi viachwe, na vidole vitoke shingoni. Siku za kwanza wasiwasi utapanda sana, kwa sababu umeunyima chakula chake, na hapo ndipo wengi wanaporudi nyuma. Ukipanda uache, utashuka. Kukagua hutuliza kwa dakika chache tu na hudai zaidi kesho.

Kama unashindwa peke yako, omba msaada wa kuongea na mtu aliyefundishwa. Najua neno likifika hapo mtu anadhani anapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwaka 2014 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Peter Tyrer na wenzake kuhusu wagonjwa wa kliniki za moyo, tumbo, mapafu na neva waliozidiwa na hofu ya ugonjwa. Waliowasaidia hawakuwa mabingwa wa saikolojia. Walikuwa watumishi wa hospitali, wakiwemo wauguzi, waliopewa mafunzo ya kuongea na wagonjwa kuhusu hofu hiyo. Miaka 2 baadaye waliosaidiwa walikuwa na nafuu kuliko wenzao. Kwa nchi yenye wanasaikolojia wa kuhesabika, na wauguzi mpaka zahanati ya kata, sioni kwa nini hili halijawa jambo la kawaida. Muuguzi mmoja wa kliniki ya koo angeokoa kamera nyingi zinazopigwa bure, na ile foleni ingebaki kwa ajili ya babu wa mwarobaini.

Nyumbani nako kuna kazi. Mwenye hofu atakuja na simu imewashwa tochi: "Dada, hebu nichungulie, hapa pako sawa?" Upendo unakusukuma uangalie na useme pako sawa. Utasema leo, utasema kesho, na kila jibu lako litakuwa na maisha mafupi kuliko lililopita. Kubalianeni mapema, akiwa ametulia, kwamba hamtamulikana tena mpaka tarehe ya kliniki. Akija nayo, mkumbushe mlivyokubaliana bila kumcheka wala kumgombeza, umwulize kama chakula kinapita. Kikiwa kinapita, tochi izimwe.