Maneno Magumu ya Kiingereza: Kukariri Orodha au Kusoma Vitabu?

Kila anayejiandaa na IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, huambiwa mapema: ongeza msamiati. Ushauri ni sahihi, ila aongezeje? Walimu wa kozi fupi na wauza vitini humpa orodha ya maneno mia kadhaa "ya hali ya juu" akakariri. Wengine wanabeza kukariri kwa namna yoyote. Wanamwambia asome vitabu tu, maneno yataingia yenyewe. Nimesikiliza pande zote mbili kwa muda mrefu, na naona wanaokariri wameonewa. Kosa lao haliko katika kukariri. Liko katika kile wanachokariri, na namna wanavyokiandika.

Kwanza tuwape haki yao. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, ya kukariri silabi zisizo na maana. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya mtu anachojifunza hupotea ndani ya siku moja, na kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku kadhaa kunashinda kurudia mara nyingi kwa mkupuo. Mwaka 1972 Sebastian Leitner akaeleza utaratibu wa kadi na visanduku: kadi uliyoijibu vizuri inahamia kisanduku kinachofunguliwa kwa nadra, uliyoikosea inarudi cha kwanza. Programu za simu kama Anki zinafuata wazo hilohilo la kurudia kwa vipindi. Mtu anayetumia dakika ishirini kila siku kwa njia hii atakumbuka maneno mengi kuliko anayekesha na kitini usiku wa kuamkia mtihani.

Tena, kusoma kwenyewe kunadai mtaji wa maneno. Mtaalamu wa New Zealand, Paul Nation, alikokotoa mwaka 2006 kwamba ili msomaji ajue asilimia 98 ya maneno katika riwaya au gazeti la Kiingereza, anahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000. Familia moja ni neno pamoja na ndugu zake, kama "analyse", "analysis" na "analytical". Asilimia 98 maana yake ni neno moja geni katika kila hamsini. Sasa mfikirie mtoto aliyetoka shule ya msingi ya serikali Tanzania, aliyesoma masomo karibu yote kwa Kiswahili kwa miaka saba, kisha kidato cha kwanza anakabidhiwa kitabu cha biolojia cha Kiingereza. Yeye hakosi neno moja katika hamsini. Anakosa mengi katika kila mstari. Kumwambia "wewe soma tu" ni kumtosa kilindini ukitumaini atajifunza kuogelea akiwa humo humo. Mara nyingi ananyamaza, halafu tunasema hana akili. Hili linaniuma kuliko mambo yote ya mjadala huu.

Basi orodha inahitajika. Ipi?

Hapa ndipo wauza vitini wanapowapoteza watu. Wanapenda maneno ya kung'ara, kama "plethora", "ubiquitous" na "myriad", kwa sababu yanampa mnunuzi hisia kwamba amepanda daraja. Huko Marekani, ambako biashara ya vitini vya aina hii ilistawi, watunga mitihani wenyewe wamesogea mbali nayo. GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili, iliondoa maswali ya vinyume na ya mlinganisho wa maneno mwaka 2011, na SAT, mtihani wa kuombea shahada ya kwanza, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2016 ikaacha kupima maneno adimu, ikageukia maana ya maneno ya kawaida ndani ya habari inayosomwa.

Wakati huohuo ipo orodha isiyo na mbwembwe ambayo wengi hawaijui. Mwaka 2000 Averil Coxhead, pia wa New Zealand, alichambua matini za kitaaluma zenye maneno takriban milioni 3.5, akabaki na familia 570 zinazojirudia katika fani mbalimbali nje ya maneno 2,000 ya msingi. Zinachukua karibu asilimia 10 ya matini hizo. Humo utakuta "derive", "constitute", "establish", "significant". Hayamshangazi mtu barazani, lakini mwanafunzi wa sheria na wa uchumi atakutana nayo karibu kila ukurasa. Hizo 570 ningemshauri yeyote azikariri bila aibu.

Lakini hata orodha nzuri huharibika kwa namna inavyoandikwa daftarini. Fungua daftari la mwanafunzi mwenye bidii: "alleviate – punguza", "mitigate – punguza", "curb – punguza". Hakuna mstari wenye kosa. Kisha anaandika insha kwamba mwenye duka "alleviated the price of sugar", na msomaji anakunja uso. Kwa Kiingereza "alleviate" hutumika kwa maumivu na umaskini. "Mitigate" kwa athari na hatari. "Curb" kwa matumizi ya fedha au mfumuko wa bei. Bei ya sukari inatosha "reduce". Daftari haliwezi kusema hayo, na wanaotetea kusoma wana haki kamili hapa: uswahiba wa maneno hujulikana kwa kukutana nayo tena na tena yakiwa kazini. Hata vigezo vya IELTS vya uandishi, ambamo msamiati ni robo ya alama, vinataka kwenye alama 7 maneno yasiyo ya kawaida yatumike kwa kujua mtindo na maneno yanayoandamana nayo. Neno zito lililokaa vibaya halimfikishi mtu huko.

Hata hivyo, kusoma ni polepole. Neno ulilokutana nalo mara moja aghalabu hulikumbuki, na mwenye mtihani baada ya miezi mitatu hana muda wa kusubiri lijirudie. Kwa huyo ningebadilisha daftari kabla ya kubadilisha njia: asiandike neno pekee, aandike kifungu, "alleviate poverty", "curb spending", na kadi yake iwe na kifungu hicho hicho. Akimaliza zile 570, aache orodha za watu, asome matini za fani anayoombea chuo.

Mtoto wa kidato cha kwanza ana miaka minne, na kwake mpango ni tofauti. Orodha ya maneno ya msingi ya Kiingereza ya Michael West ya mwaka 1953, yenye maneno kama 2,000, ndiyo pa kuanzia, sambamba na vitabu vya hadithi vilivyoandikwa kwa msamiati uliopimwa, vile vinavyoanzia maneno mia chache na kupanda ngazi kwa ngazi. Shule yenye rafu moja ya vitabu hivyo, na kipindi kimoja kwa wiki cha kusoma kimya bila mtihani wowote mwishoni, imempa zaidi ya kitini chochote kinachouzwa getini.