Chama cha Wahadhiri Wastaafu wa Kusini: Hoja za Wanaokitaka na za Wanaokikataa

Kila mhadhiri anapokabidhiwa barua ya kustaafu katika vyuo vya Mtwara na Lindi, huzuka swali lilelile miongoni mwa wenzake: je, wakati umefika wa wastaafu wa taaluma katika kanda hii kuwa na chama chao, kama walivyo nacho wenzao wa vyuo vikuu vikongwe vya ng'ambo? Wapo wanaoliona jambo hili kuwa la lazima na limechelewa. Wapo pia wanaoona kuwa vyuo vyetu bado ni vichanga mno, na kwamba chama cha namna hiyo kitaishia kuwa na katiba, mhuri na mwenyekiti, kisha basi. Mimi niko upande wa wanaokitaka, ila kwa masharti ambayo baadhi ya wenzangu hawayapendi, na nitayaeleza baada ya kuzipima hoja za pande zote mbili.

Historia ya vyama hivi ni muhimu hapa, kwa sababu haikuanzia kwenye mihadhara wala hafla za kuagana. Ilianzia kwenye umaskini na maradhi ya uzeeni. Nchini Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, mwalimu wa chuo aliyezeeka bila akiba aliendelea kufundisha hata nguvu zilipokwisha, au akawa mzigo kwa wanawe. Mwaka 1905 tajiri wa chuma Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 ili walimu wa vyuo walipwe pensheni bila wao kuchangia chochote. Vyuo vilivyokuwa chini ya madhehebu ya dini viliachwa nje ya mpango huo, na baadhi yao vililazimika kulegeza uhusiano wao na makanisa ili walimu wao waingizwe. Haukupita muda mrefu ikaonekana kuwa fedha za hisani, hata ziwe nyingi kiasi gani, haziwezi kuwabeba wastaafu wote, na mwaka 1918 ukaundwa mfuko wa TIAA, ambamo mhadhiri na mwajiri wake wote huchangia.

Pensheni peke yake haikutosha. Mwaka 1947 Ethel Percy Andrus, aliyekuwa mkuu wa shule ya sekondari mjini Los Angeles, alianzisha chama cha kitaifa cha walimu wastaafu, na inasimuliwa kuwa kilichomsukuma ni kumkuta mwalimu mstaafu akiishi katika banda la kuku. Kampuni za bima zilimkatalia moja baada ya nyingine, zikidai kuwa wazee ni hasara, mpaka mwaka 1956 ilipopatikana iliyokubali kuwakatia walimu wastaafu bima ya afya. Miaka miwili baadaye wastaafu wa kazi nyingine nao walipata mlango, na chama cha AARP kikazaliwa. Vyama vya wahadhiri wastaafu wa chuo kimoja kimoja, vyenye ofisi ndani ya kampasi, semina na haki ya kutumia maktaba, vilishamiri baada ya msingi huo wa pensheni na matibabu kuwa umekwisha kuwekwa, na umoja wao, AROHE, uliundwa mwaka 2002. Anayetaka kuanza na semina huku mstaafu hajui atatibiwaje, anaanzia mwisho wa historia hiyo.

Hata hapa nyumbani tuna ushahidi kuwa wastaafu waliojipanga husikilizwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, waliokuwa watumishi wake walibaki wakidai mafao yao kwa miongo mingi, mahakamani na barabarani, na mwaka 2005 Serikali ikaingia nao makubaliano ya malipo. Si wote walioridhika na walicholipwa, na wengi walikwisha kufariki. Lakini sidhani kama mtumishi mmoja mmoja, akiwa Lindi au Kigoma na bahasha yake ya vielelezo, angefika popote kwa kuandika barua peke yake.

Tukija kwenye hali ya Kusini, hoja ya kwanza ya wanaokipinga chama ni nzito na haifai kupuuzwa. Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris Mtwara, kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilianza mwaka 2009. Mtu aliyeajiriwa hapo akiwa na miaka 30 bado yuko mbali na kustaafu. Chuo Kikuu Huria kina vituo vya mikoa vyenye watumishi wachache, Taasisi ya Uhasibu ina kampasi Mtwara, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiyo kwanza kinajenga kampasi yake Lindi. Zaidi ya hapo, vyuo binafsi nchini vimetegemea sana maprofesa waliokwisha kustaafu vyuo vya umma, ambao huja kwa mkataba na mkataba ukiisha hurudi Moshi, Bukoba au Mbeya, walikojenga. Anayesema kwamba chama cha wastaafu wa chuo kimoja hapa Mtwara hakitapata hata akidi ya mkutano anasema kweli.

Hoja ya pili inatoka kwa vijana, na huwa inasemwa kwa sauti ya chini. Mhadhiri msaidizi mwenye shahada ya uzamili, anayehangaika kupata nafasi ya kusoma uzamivu, humwona mstaafu anayerudi kwa mkataba kama mtu anayekalia kiti chake. Hofu hiyo imepata nguvu tangu sheria ilipowaongezea maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vya umma umri wa kustaafu kwa lazima kutoka miaka 60 hadi 65. Vijana wanauliza: chama kikishaundwa, kitazuiwaje kuwa genge la kushinikiza mikataba mipya kwa wazee walewale? Nimewasikia wastaafu wakilijibu swali hili kwa kukasirika, wakisema vijana hawana adabu. Jibu hilo halifai. Uhaba wa wasomi wenye uzamivu ni wa kweli, na bila wazee wanafunzi wengi wangekosa msimamizi wa tasnifu. Lakini ni kweli vilevile kwamba chuo kinachoziba kila pengo kwa mkataba wa mwaka mmoja hakina haraka ya kumsomesha kijana.

Hoja ya tatu ni kwamba vyombo vipo tayari: mifuko ya hifadhi ya jamii, vyama vya wafanyakazi, bima ya afya. Hii ndiyo hoja iliyo dhaifu kuliko zote. Chama cha wafanyakazi kinajadiliana na mwajiri kwa niaba ya aliye kazini, na mstaafu hana tena mwajiri. Mifuko nayo, tangu mabadiliko ya mwaka 2018, imegawanyika: mhadhiri wa chuo cha umma anahudumiwa na PSSSF na wa chuo binafsi yuko NSSF, hivyo watu wawili waliofundisha somo moja katika mji mmoja wana milango tofauti ya kubisha. Mvutano wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, unafundisha zaidi. Kanuni ya mwaka 2018, iliyowapa wastaafu asilimia 25 tu ya mafao kwa mkupuo, ilisitishwa mwezi Desemba mwaka huohuo baada ya malalamiko. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali ikatangaza kuipandisha hadi asilimia 40 kwa wale ambao awali walikuwa wakipata nusu. Sauti zilizosikika katika mjadala huo zilikuwa hasa za walio kazini, wanaoogopa kesho yao. Aliyekwisha kulipwa kwa kanuni ya zamani au ya kati, na ambaye kila mara anasubiri kuhakikiwa ili pensheni isikatike, alisikika kwa nadra.

Kuna sababu nyingine ya kuwa na chama, na kwangu ndiyo inayonigusa zaidi: kumbukumbu. Niliwahi kuonyeshwa, katika nyumba moja mtaa wa Ligula, mjini Mtwara, katoni ya mhadhiri mstaafu iliyojaa madaftari makubwa ya kaunta. Ndani yake mlikuwa na methali na majina ya mimea kwa Kimakonde, kila neno na kijiji lilikokusanywa, pamoja na umri wa msemaji. Mchwa walikuwa wameingia kwa chini, kwenye kona, na kurasa za daftari mbili za mwisho zilikuwa zimeshikana kuwa bonge moja la udongo. Mwenyewe alisema chuo hakikuwahi kumwomba aviache vitu hivyo, na yeye hakujua amkabidhi nani.

Hasara ya namna hii ina uzito wa pekee katika mikoa hii. Uzalishaji wa korosho nchini, ambao sehemu yake kubwa hutoka Kusini, uliporomoka kutoka tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74 hadi kama tani 16,500 msimu wa 1986/87. Operesheni Vijiji, iliyowahamishia watu katika vijiji vya pamoja, iliwatenga wakulima na mikorosho yao, bei ikawavunja moyo, na ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiriunga ukamalizia. Watafiti wa Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Mtwara, walifanya kazi kubwa ya kutafuta namna ya kuudhibiti, ikiwemo matumizi ya salfa. Ripoti zilizochapishwa hueleza kilichofanikiwa. Kilichojaribiwa kikashindikana, shamba lipi, udongo gani, mkulima yupi alikataa na kwa sababu gani, aghalabu hubaki kichwani mwa mtafiti na kwenye daftari lake, na kijana anayeanza leo anaweza kupoteza miaka akirudia kosa ambalo tayari lilikwisha kufanywa.

Hapo ndipo masharti yangu yanapoanzia. Chama kisiwe cha chuo kimoja. Kiwe cha kanda nzima, na kiwapokee waliofundisha vyuo vya ualimu vya Mtwara, Kitangali na Nachingwea, ambavyo vilikuwapo miaka mingi kabla chuo kikuu chochote hakijafika huku, pamoja na watafiti wa Naliendele. Kwa njia hiyo hoja ya uchache wa watu inakwisha. Najua wapo maprofesa wasiotaka kukaa meza moja na wakufunzi wa stashahada, wakisema chama kitapoteza hadhi yake ya kitaaluma. Nadhani wanakosea, kwa sababu kumbukumbu tunazotaka kuziokoa haziko kwa maprofesa peke yao.

Kwa sababu hiyohiyo, milango isifungwe kwa wakutubi na mafundi sanifu wa maabara. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, Lindi, na mifupa hiyo imesimamishwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na ujuzi wake ulihitajika tena Waingereza walipokuja kuchimba hapohapo miaka ya 1920. Majina ya maprofesa wa msafara ule yamo vitabuni kwa urefu. La Boheti hutajwa kwa nadra, na wenzake wengi hawatajwi kabisa. Kama tunaunda chombo cha kumbukumbu, tusirudie upungufu huo kwa katiba tuliyoiandika wenyewe.

Sharti la pili linawahusu vijana: katiba itamke wazi kuwa chama hakitapendekeza wala kutetea mkataba wa mwanachama yeyote katika chuo chochote, na kwamba aliye kwenye mkataba hawezi kuwa mwenyekiti wala mwekahazina. Badala yake, mwanachama atakayekubali kumsaidia kijana kuandika andiko la utafiti au kupitia rasimu ya makala afanye hivyo kwa hiari, bila jina lake kuchomekwa kwenye kazi isiyo yake.

Kuhusu fedha sina mengi. Ada iwe ndogo, kwa kuwa pensheni ni ndogo, na vyuo viombwe chumba chenye makabati ya chuma yasiyopenyeka mchwa, si ruzuku ya posho. Kutoka Mtwara hadi Lindi ni kilometa zipatazo 100, na anayetoka Nachingwea au Newala ana safari yake. Mikutano izunguke, na mzee asiyeweza kusafiri apigiwe simu achangie akiwa kwake. Wajane na wagane wa wahadhiri waingizwe tangu mwanzo, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaobaki na katoni hizo ndani ya nyumba, wakiwa hawajui wazitunze au wazichome pamoja na takataka.