Kabla Greda Halijapita

Aliyewahi kusafiri kwa basi kutoka Malindi hadi Mokowe, kwenye gati ya kuvukia kwenda kisiwa cha Lamu, kabla barabara haijatiwa lami hahitaji kuelezwa thamani ya lami. Mwishoni mwa 2023 Mto Tana ulifurika, njia ya Garsen ikakatika, na Lamu ikajiona tena jinsi ilivyo mbali. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba kazi ya barabara ingoje wanaakiolojia waokote vigae vya vyungu vya kale, hasira yake naielewa, hasa akiwa na mgonjwa wa kukimbizwa Malindi.

Hata hivyo, hasira hiyo inamwangukia asiyehusika. Utafiti ukifanywa kwa wakati wake hausimamishi chochote. Watu wachache hutembea kwa miguu kuifuata njia iliyopendekezwa, macho chini, wakitafuta vigae, mavi ya chuma (masalia ya kuyeyusha chuma), mawe ya matumbawe yaliyochongwa, visima na makaburi. Panapotiliwa shaka huchimbwa mashimo madogo ya majaribio. Wakati huo barabara bado ni mstari kwenye ramani, na mstari husogezwa kwa kalamu. Hasara huja pale ukuta wa kale unapokutwa tingatinga limeshafika na mkandarasi anahesabu siku.

Sheria tunazo. Ile ya mazingira ya 1999 inadai tathmini ya athari kabla ya mradi mkubwa kuanza, na ile ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale akiripoti. Kinachotushinda ni kujua lipi litangulie. Mradi wa LAPSSET, wa bandari mpya ya Lamu pamoja na barabara, reli na bomba la mafuta, ulizinduliwa Machi 2012, na baada ya hapo Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilikuwa bado inaihimiza Kenya ipime athari zake kwa Mji wa Kale wa Lamu, uliomo katika orodha yake tangu 2001. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliona kwamba katika ujenzi wa bandari hiyo haki ya watu wa Lamu kwa utamaduni wao ilikiukwa, pamoja na haki nyingine, ikaamuru wavuvi walipwe fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 1.7. Sijui ni nani anayeweza kusema haraka ile ilitupunguzia gharama.

Upande wa pili nao una hoja ambayo sisi wapenda urithi huikwepa. Pwani hii imekaliwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Karibu kila shamba lina kigae. Kila kigae kikizuia greda, hakuna kijiji kingine kitakachoona lami. Lazima tukubali kupanga uzito: mahali pa kukwepwa kabisa, mahali pa kuchimbwa na kuandikwa kisha papitiwe, na mahali pa kuachwa papotee. Huko ni kupoteza vitu, na inauma, lakini ni kupoteza kwa kujua.

Ninachohofia zaidi ni tusichokiona. Kuta za Gedi, mji wa kale ulio karibu na Malindi, kila mtu anaziona. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuzichimbua mwaka 1948, na 2024 zikaingia urithi wa dunia. Lakini fikiria Shanga, kisiwani Pate. Kuanzia 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe, akakuta misikiti mingine chini yake, na ya mwanzo kabisa, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti. Kilichobaki ni alama za mashimo ya nguzo, rangi tu ndani ya udongo. Huo ndio ushahidi wa Uislamu wa kale mno katika mwambao wetu, na tingatinga lingeufuta bila dereva kuhisi lolote. Basi ripoti inayosema "hakuna magofu" haijasema kwamba hapakuwa na watu. Wazee wetu wengi waliishi katika nyumba za miti na udongo.

Kisha kuna machimbo. Barabara haili ardhi ya upana wake peke yake. Inataka udongo wa kujazia, kokoto, kambi ya wafanyakazi na vijia vya malori. Ukikagua mstari wa lami ukaacha chimbo lililo kando, umelinda mlango na kuacha dirisha wazi. Na kwa kuwa mtaalamu wa tathmini hulipwa na mwenye mradi, ni rahisi mipaka ya kazi yake ikawa finyu tangu siku ya mkataba. Makumbusho ya Taifa yapewe nafasi ya kuichora mipaka hiyo, machimbo yakiwemo, kabla njia haijachaguliwa.

Waulizwe pia wakulima wa Hindi na Kililana, upande wa bara wa Lamu, na wavuvi wanaoteka maji visiwani. Wao ndio wajuao kisima kisicho na mwenyewe kiko wapi, na jembe hugonga mawe shamba la nani. Na ripoti ikikamilika, nakala moja ya Kiswahili iwekwe pale Ngomeni Amu, yaani katika ngome ya mji wa Lamu, mtu aingie aisome wakati mstari ungali kwenye ramani.