Askari asiye na kwao: nani hasa anaruka foleni ya nyumba Uingereza?

Fomu ya kuomba nyumba ya halmashauri ilikuwa na kisanduku kinachotaka anwani zote ulizoishi miaka mitano iliyopita. Jamaa yangu mmoja, Mkenya aliyeacha jeshi la Uingereza akiwa na cheo cha koplo, alikaa mbele ya kisanduku hicho na kalamu mkononi hadi nikadhani amesinzia. Mwishowe akaandika BFPO na namba. Mstari wa pili, BFPO tena, na namba nyingine. Hizo ni anwani za posta ya jeshi. Hazina mtaa wala mji. Barua inamfuata askari kambini, iwe Cyprus au Ujerumani. Karani akaisoma fomu, akauliza kwa upole kabisa: "Sasa hapa ni wapi?"

"Ni kazini," jamaa akajibu.

Swali la yule karani hunirudia kila ninaposikia malalamiko ambayo Waafrika Mashariki wa huku tunayajua vizuri, kwa kinyozi, kwenye harambee, kwenye magrupu ya WhatsApp: kwamba wanajeshi wanapewa nyumba kwa mlango wa nyuma huku sisi tukizeekea kwenye orodha. Wanaolalamika si watu wabaya, na hesabu iko upande wao. Machi 2024 orodha za kusubiri nyumba za halmashauri na za mashirika ya kijamii England zilikuwa na kaya kama milioni 1.33. Zaidi ya kaya 120,000 zinaishi katika makazi ya muda. Birmingham ilitangaza Septemba 2023 kwamba bajeti yake haisimami tena, na Nottingham ikafuata Novemba mwaka huohuo. Halmashauri za namna hiyo zikiambiwa ziwaangalie wanajeshi kwa jicho la pekee, ni haki kuuliza ni nani ataondolewa kwenye jicho hilo.

Mfikirie mama aliyewekwa na watoto wawili kwenye chumba kimoja cha hoteli. Sheria inasema familia isikae humo zaidi ya wiki sita. Wiki sita zinapita, ya saba inaingia, na bado anawapikia watoto tambi kwa maji ya birika la umeme kwa sababu jiko hakuna. Asubuhi anapanda basi kwenda kuwaogesha wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Huyo naye hakuitumikia nchi? Mwaka 2020, wakati wa korona, watu walitoka milangoni kumpigia makofi. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote za upande ule, na sijawahi kusikia mwanasiasa akiijibu sawasawa. Wengi hupunga bendera tu na kusema "mashujaa wetu", kana kwamba neno hilo linajenga nyumba.

Lakini tuitazame foleni yenyewe inavyopangwa. Halmashauri nyingi hazikupokei kwenye orodha mpaka uonyeshe uhusiano na eneo: umeishi hapo miaka miwili, mitatu au mitano, una kazi hapo, au una ndugu wa karibu. Kwa watu wengi kanuni hiyo ina maana. Nyumba chache wapewe kwanza wenyeji. Askari ndiye inayemgonga, tena si kwa kosa lake. Mwajiri wake anamhamisha kila miaka miwili au mitatu, hawezi kukataa, na siku anayovua sare hakuna mji unaomtambua.

Kuna jambo ambalo nikilisimulia watu hudhani natania. Chini ya Sheria ya Nyumba ya 1996, ili makazi yahesabike kuwa yamekuunganisha na mji, sharti uwe uliyachagua mwenyewe. Sheria ikataja watu wa aina mbili ambao hawakuchagua: aliyezuiliwa kwa amri ya sheria, yaani mfungwa na wenzake, na askari aliye kazini. Kwa hiyo mtu angeweza kukaa kambi ya Catterick miaka minane, mke wake akanunua mkate dukani pale kila siku, watoto wakasoma shule ya pale, na siku ya kuondoka akaambiwa hana uhusiano na Yorkshire. Mbele ya dirisha la ofisi ya nyumba, miaka ya kambi na miaka ya jela zilikuwa na thamani moja. Kipengele cha askari kilifutwa Desemba 2008 tu. Iraq ilikwisha kuvamiwa, Helmand kule Afghanistan ilikuwa inawaka moto, na vijana waliokuwa wakirudi na fimbo na mabaka ya kuungua walikuwa wageni katika kila mji wa nchi waliyoipigania.

Nikikumbuka hilo, neno "upendeleo" linanigoma kutamka. Kanuni za 2012 zilizikataza halmashauri za England kumdai sharti la uhusiano na eneo mtu aliyeacha jeshi ndani ya miaka mitano, na mwishoni mwa 2024, baada ya ahadi ya Waziri Mkuu Keir Starmer, kikomo hicho cha miaka mitano kikaondolewa kwa waliokuwa jeshi la kudumu. Huko ni kumruhusu mtu asimame kwenye foleni aliyokuwa amefungiwa nje. Kipaumbele cha ziada kipo pia, sikatai. Ila ni cha aliye tayari katika uhitaji wa haraka, kwa mfano mwenye kiti cha magurudumu anayeishi ghorofa ya tatu isiyo na lifti. Mwenye afya na akiba hapewi ufunguo kwa kuonyesha medali.

Halafu hao wanaosemwa kuifurika foleni ni akina nani? Sensa ya 2021 iliuliza kwa mara ya kwanza England na Wales kama mtu amewahi kutumikia jeshi. Waliojibu ndiyo walikuwa kama milioni 1.85, na karibu theluthi moja yao walikuwa na miaka 80 au zaidi. Theluthi! Wengi wa hawa walikuwa vijana wa utumishi wa lazima, walioitwa kabla ya mwito huo kusimama mwaka 1960. Wengi wao wana nyumba zao siku nyingi. Wanachohitaji kutoka halmashauri ni mtu wa kuja asubuhi kuwavisha soksi, na mhasibu asiyeihesabu pensheni ya jeraha la vita kama mapato ya kulipia huduma hiyo. Jambo hilo la pili lilirekebishwa England Aprili 2017. Picha tuliyonayo ni ya kijana mwenye ndevu anayelala nje ya stesheni. Yupo, na anastahili kitanda. Ila mteja wa kawaida ni babu asiyesikia vizuri, ambaye ukimuuliza kama ni askari mstaafu atasema hapana, alipelekwa tu miaka miwili. Ofisi zenye akili zimebadilisha swali: uliwahi kutumikia jeshi?

Hapa upande wa pili unapata pointi nyingine, na nawapa. Halmashauri zote za Great Britain zimetia saini Ahadi kwa Wanajeshi (Armed Forces Covenant), yaani ahadi ya kutowaacha wanajeshi na familia zao nyuma, lakini sehemu nyingine saini hiyo ni diwani aliyepewa cheo cha kuwasemea, bendera moja ya Siku ya Wanajeshi kila Juni na picha ya pamoja. Tangu 22 Novemba 2022 sheria inazitaka halmashauri, shule na taasisi za afya kuzingatia ipasavyo hali ya wanajeshi na familia zao katika nyumba, elimu na tiba. Kuzingatia. Unaweza kuzingatia, ukaandika kwamba umezingatia, na jibu likabaki hapana. Tena wajibu huo haukuigusa serikali kuu. Wizara inayomhamisha askari ilijiachia huru na kumbebesha mzigo diwani ambaye hana pesa ya kuzibia mashimo barabarani. Juni 2025 serikali ilisema itaupanua uziguse wizara pia. Wakati ulikuwa umefika zamani.

Penye mafanikio ya kweli hapapigwi picha. Darasa la watoto wadogo England halipaswi kupita wanafunzi 30, ila mtoto wa askari anayehamia katikati ya mwaka anaweza kuongezwa awe wa 31, na ofisi ya shule inatakiwa ikubali anwani ya kambi hata kabla familia haijawasili. Hakuna aliyenyang'anywa kiti.

Sasa turudi kwetu. Mkenya, Mganda au Mtanzania anaweza kujiunga na jeshi hilo kama raia wa Jumuiya ya Madola. Akiwa na sare, udhibiti wa uhamiaji haumhusu. Akiivua, anakuwa mhamiaji kama wengine. Tangu Aprili 2022 aliyetumikia miaka sita haombwi ada ya ukaazi wa kudumu, na jamaa yangu alipitia hapo. Msamaha huo haukumfunika mke wala watoto; wakati huo ada ilikuwa kama pauni 2,400 kwa kichwa. Mke mwenye viza ya muda, isiyoruhusu msaada wa umma, ndoa ikivunjika hupewa siku 93 kutoka kwenye nyumba ya jeshi. Akifika kwenye dirisha la halmashauri, karani anaweza kuwa na nishani ya Ahadi ukutani nyuma yake na moyo wa huruma pia. Sheria ya uhamiaji bado inamkataza kumwandika kwenye orodha.