Hesabu za Kikoba na Hesabu za Shule

Kila Jumamosi alasiri, katika uwanja wa jirani yangu hapa Sakina, Arusha, kina mama wapatao ishirini na watano huketi kulizunguka sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo hutunzwa na watu watatu tofauti, na anayelala na sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, kiasi husomwa kwa sauti, na wanakikundi hukikariri ili wiki inayofuata asitokee mtu wa kuwatajia kiasi kingine. Anayechelewa hutozwa faini, hata akiwa mwenyekiti.

Nimeanza na kikoba hiki, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kwa sababu nimechoka kusikia kwamba wananchi hawana uelewa wa kusimamia fedha za umma. Katika kikao cha wazazi cha shule ya msingi anakosoma mwanangu, mmoja wa kina mama hao, ambaye huuza ndizi katika soko la Kilombero, aliuliza shule imepokea ruzuku kiasi gani tangu Januari. Alijibiwa kwamba suala hilo ni la kitaalamu na lina ngazi zake, kisha tukahamia kwenye ajenda ya mchango wa uji, ambayo kwa bahati njema haikuhitaji utaalamu wowote.

Swali lake ni la kujumlisha na kuzidisha tu. Tangu utaratibu wa elimu bila ada uanze kutekelezwa mwaka 2016, Serikali imekuwa ikituma fedha za uendeshaji moja kwa moja katika akaunti za shule, na kiwango kilichopangwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, ambapo 6,000 ziende shuleni na 4,000 zibaki kwa ajili ya vitabu. Kwa hesabu hiyo, shule yenye wanafunzi 800 ingetarajia shilingi 4,800,000 kwa mwaka, yaani 400,000 kwa mwezi, na humo mna chaki, karatasi za mitihani na ukarabati mdogo mdogo. Kiwango hicho cha 10,000 si kigeni kwa waliokuwa na watoto shuleni wakati wa MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilhali bei za vitu hazikutusubiri. Mzazi anayezijua tarakimu hizi huenda akawa wa kwanza kumtetea mwalimu mkuu, kwa sababu ataona jinsi fedha zenyewe zilivyo ndogo. Zikifichwa, anabaki na hisia moja tu, kwamba zimeliwa.

Ndiyo maana sishangazwi sana na kelele zetu za kila mwaka taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapowekwa hadharani. Kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba, Mkaguzi hukabidhi taarifa kwa Rais, nayo hufikishwa bungeni, na huo ni utaratibu mzuri, lakini inatueleza habari za fedha ambazo zimekwisha kutumika. Kina mama wa Sakina hawasubiri mwaka uishe ndipo wafungue sanduku.

Ninachopendekeza ni kwamba kila shule ya umma iwe na ubao ulio nje, karibu na lango, unaoandikwa kila mwezi idadi ya wanafunzi, fedha zilizoingia, zilizotumika na zilizobaki, na kwamba michango ya wazazi iandikwe kando yake pamoja na namba za stakabadhi. Kazi ya kukagua jumla za ubao huo wapewe wanafunzi wa darasa la sita katika kipindi cha hisabati. Tunawafundisha uraia kwa kuwakaririsha ngazi za serikali. Wangeuelewa haraka zaidi kwa kugundua kwamba jumla ya mwezi Machi haikubaliani na matumizi. Vilevile, taarifa za wathibiti ubora wa shule zisomwe kwa wazazi, angalau mapendekezo yake, badala ya kuishia katika mafaili ya ofisi.

Hapa Arusha tuna deni la pekee katika jambo hili. Pale Kaloleni, jirani na Mnara wa Mwenge, kuna Makumbusho ya Azimio la Arusha, ambako watoto wetu hupelekwa kwa ziara. Huonyeshwa picha za mwaka 1967 na kuelezwa habari za mashirika yaliyotaifishwa, lakini Azimio lilikuwa pia na miiko ya uongozi, iliyomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa na chama tawala, CCM, katika kikao kilichofanyika Zanzibar mwaka 1991, na kwa mtazamo wangu Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, inayomtaka kiongozi atamke mali zake, haikuliziba pengo hilo, kwa kuwa matamko yenyewe mwananchi wa kawaida hayaoni.

Kwa upande wa shule yetu, nimeandika barua ya kuomba taarifa ya ruzuku kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inatoa siku 30 za kujibu. Mama wa ndizi ameisaini pamoja nami, akaandika tarehe ya mwisho nyuma ya daftari lake la kikoba, chini ya orodha ya wanaodaiwa faini.