Forester STI: Tuipandishe Nguvu au Tuiache Ilivyotoka Japani?

Kuna Forester moja, ile ya STI, ambayo Subaru hawakuiuza popote nje ya Japani. Ilitoka Februari 2004 na ikakoma 2007 pamoja na kizazi chake cha SG. Wapenzi wa Subaru nchini Kenya huiita SG9, kwa kuwa ndivyo namba yake ya chesi inavyoanza. Chini ya boneti kuna EJ255, injini ya lita 2.5 yenye tabo, kifaa kinachokandamiza hewa kuingia kwenye silinda, na nguvu farasi 265. Ina giaboksi ya mkono ya gia sita na breki za Brembo. Jirani asiyejua magari ataona gari la kupeleka watoto shule, na wenye nalo hufurahia hilo kuliko wanavyokubali kusema.

Zilizofika bandari ya Mombasa ni chache, na hakuna nyingine zitakazokuja. Kanuni ya KS 1515 hairuhusu kuingiza Kenya gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo kufikia 2015 mlango ulikuwa umefungwa kwa karibu SG9 zote. Ikibingirika moja kule Kinungi, hesabu ya nchi nzima imepungua moja. Ndiyo sababu mabishano juu yake ni makali kuliko ya Forester ya kawaida: mwenye nayo ana haki ya kuifungua na kuiongezea nguvu, au aitunze kama alivyoipokea?

Wanaosema iachwe wana hoja nzito, na nzito zaidi ni ya soko. Marekani huruhusu gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vyake kuingia likishatimiza miaka 25. Nissan Skyline GT-R ya R34, iliyoanza kutoka Januari 1999, ilifikisha umri huo Januari 2024, na bei yake ilikuwa imepaa miaka mingi kabla ya siku hiyo kwa sababu wanunuzi walikuwa wakihesabu. SG9 ya kwanza itafikisha umri huo 2029. Sidhani Forester za Nairobi zitapakiwa melini kwenda huko. Lakini vipuri viko Japani, na naona kabisa viti, bampa na giaboksi za SG9 zikigombaniwa na watu wenye dola. Aliyeuza viti vyake vya asili ili apate hela ya tabo kubwa atakuja kuvitafuta kwa bei nyingine.

Hoja yao ya pili ni kwamba mainjinia wa Subaru walijua walichofanya, kwa hiyo usiguse. Hapo ndipo ninapoachana nao.

SG9 ilipangwa kunywa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa kiwango cha huko haishuki chini ya okteni 96 (okteni ni kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili mgandamizo bila kujiwasha), na kwa kawaida pampuni iko karibu 100. Super tunayojaza hapa iko chini ya hapo. Petroli ya okteni ya chini huwaka kabla ya wakati wake ndani ya silinda yenye joto na mgandamizo mkubwa. Kompyuta ya injini husikia ugongaji huo na kurudisha nyuma muda wa cheche, lakini hufanya hivyo baada ya kugonga, si kabla. Gari lisiloguswa likikanyagwa kupanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru, abiria wanne na jua kali, kompyuta inajitetea njia nzima. Kwa hiyo anayesema ameliacha salama kama lilivyotoka kiwandani amesahau kwamba amebadilisha mafuta, na hakuna mabadiliko makubwa kuliko hayo.

Halafu kuna mwinuko. Nairobi iko juu ya bahari kwa karibu mita 1,700, na shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Injini isiyo na tabo hupungukiwa nguvu kwa kadiri hiyo hiyo, yaani karibu asilimia 18. Yenye tabo inaweza kurudishiwa, ila kwa gharama. Tuseme unataka hewa inayoingia kwenye silinda iwe na shinikizo mara 1.9 ya lile la usawa wa bahari. Pwani, tabo itaikandamiza mara 1.9. Nairobi, ili ifike palepale, lazima iikandamize mara 2.3. Itazunguka kasi zaidi na hewa itatoka ya moto zaidi. Wenzetu wengi hutazama geji, wakaona "busti", yaani shinikizo linaloongezwa na tabo, imepungua kuliko wanavyosoma kwa Wajapani, wakadhani gari lina ugonjwa. Fundi anapandisha, sindano inafika mahali wanapopapenda, na tabo inalipa.

Upande wa wanaotaka kuijenga, wanaanza na historia, na historia iko upande wao. Subaru haikupata jina Kenya kwa kuachwa ilivyo. Patrick Njiru alimaliza Safari Rally ya 1990 akiwa wa nane kwa Legacy ya kundi N, kundi la magari yaliyo karibu na yale ya dukani. Kisha Colin McRae akashinda Safari ya 1997 na Richard Burns ya 2000, wote kwa Impreza zilizoandaliwa na Prodrive ya Uingereza, zikiwa zimenyanyuliwa na kuwekewa vyuma vya mbele kwa ajili ya barabara zetu. Waliokuwa na pesa na akili nyingi kuliko sisi waliona gari la Japani haliwezi kuja huku bila kubadilishwa. Kwa roho hiyo hiyo vijana hupeleka magari yao kwenye mashindano ya Kiamburing kushindana na saa, na mimi sioni kosa.

Shida yangu na kambi hii si nia, ni EJ255 yenyewe. Pistoni zake ni za kumiminwa kwenye kalibu, si za kufuliwa (forged), na ukuta mwembamba unaotenganisha ringi na ringi ndio udhaifu unaojulikana dunia nzima. Mlipuko wa mapema haumpi fundi barua ya onyo. Unaupasua ukuta ule kipande kidogo, na gari linaendelea kwenda vizuri kwa muda. Dalili ya kwanza ni oili inayopungua bila kuonekana imemwagika wapi. Baadaye, asubuhi, moshi wa samawati. Fundi makini hangoji moshi: anafungua plagi zote nne, ambazo kwenye injini hii ya kulala ziko ubavuni na kuzifikia kunahitaji mkono mwembamba na subira, anapima kompresheni silinda moja moja, kisha anajaza hewa kila silinda na kusikiliza inatorokea wapi. Ikisikika ikipumua kwenye tundu la kujazia oili, inapita kwenye ringi. Zikiwa tatu zinafanana na ya nne iko chini sana, funga boneti na uanze kutafuta pesa.

Ningetaka kila anayefikiria kuongeza nguvu afanye kipimo hicho kabla, si baada. Wachache hufanya.

Kinachoniudhi zaidi ni jinsi kazi yenyewe inavyofanywa. Kompyuta za Subaru za kipindi kile zilifunguliwa zamani na wajuzi wa nje, na programu za bure kama RomRaider zinamwezesha yeyote mwenye laptopu na kebo kuandika upya ramani ya cheche na mafuta, yaani maagizo ya lini cheche itoke na mafuta yaingie kiasi gani. Ni jambo zuri, limetutoa kwenye utumwa wa kununua visanduku vya bei mbaya. Lakini limezaa pia fundi anayepakua ramani iliyoandikiwa petroli ya okteni 98 ya Ulaya, anaipachika gari la Ngong Road, anachukua hela na kumwambia mteja "sasa sikia." Mteja anasikia kweli, kwa muda. Ramani nzuri huandikwa kwa gari lile, kwa petroli ile, huku kifaa cha kusoma mchanganyiko kikiwa kwenye ekzosi. Na swali linalofichua fundi ni moja: gari hili likishuka Mombasa itakuwaje? Ukiteremka kutoka Mtito Andei kwenda Voi hewa inakuwa nzito na ya moto, mafuta ni yale yale. Fundi aliyefuta jedwali la kusahihisha mwinuko ili busti ionekane nzuri Nairobi amekuachia mtego pwani. Akikosa jibu, chukua funguo zako.

Kwa hiyo nimesimama wapi? SG9 iliyo nzima isiachwe bila kuguswa, ila iguswe kwa ajili ya petroli na mwinuko wetu. Iandikiwe ramani yenye tahadhari kwa super ya hapa, na tabo ibaki ile ile. Rejeta na mfumo wa kupoza viwe kamili. Bolti yenye kichujio kidogo kwenye bomba la oili la tabo isafishwe, kwa sababu ikiziba tabo hufa kwa kiu. Magurudumu yawe ya maana. Kila kilichotolewa kiwekwe stoo, hata kama ni springi. Nguvu utakayopata haitakupa sifa kwa wenzako, lakini injini itaona miaka kumi mingine.

Anayetaka nguvu farasi 400 asiitafute hapa. Atafute SG5, Forester ya lita 2.0 yenye tabo, zilikuja nyingi na bodi ni ile ile kwa macho ya wengi. Aijengee pistoni za kufuliwa, akubali kwamba zikiwa baridi zitapiga kelele kidogo, na akiivunja hakuna mtu atakayelia. Akishaibadilisha aitaarifu bima kwa maandishi, maana kampuni hutafuta sababu ya kutolipa na wewe umeifunga boneti juu yake. Kuhusu ekzosi inayolipuka saa nane usiku Kileleshwa, kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, zipo tangu 2009, na majirani wameshazisoma.

Zimebaki SG9 zilizokwisha kukatwa, zile ambazo injini yake ya asili iliuzwa Kirinyaga Road, kule ambako wengi bado wanaita Grogan, na mahali pake pakawekwa injini ya gari lingine. Sioni cha kuhifadhi tena hapo. Mwenyewe aijenge apendavyo, ila kwanza aende abadilishe namba ya injini kwenye logibuku, kabla hajampata mnunuzi anayejua kusoma.